Nyumba Kongwe za Nairobi Zinabomolewa na Ushahidi Wetu Ndani

Kwa muda wa miaka 11 nilikuwa nikipita mbele ya nyumba moja ya mawe katika mtaa wa Parklands nikielekea darasani. Haikuwa nyumba ya kutamanisha. Rangi ilikuwa imebambuka, mifereji ya maji ya mvua ilikuwa imelegea, na mzambarau uliokuwa uani ulikuwa umeipasua sakafu ya baraza kwa mizizi yake. Lakini juu ya mlango wa mbele palikuwa na jiwe lililochongwa jina la ukoo kwa hati ya Kigujarati, na chini yake mwaka 1928 kwa tarakimu za hati hiyo hiyo. Muhula uliopita niliwaahidi wanafunzi wangu wa isimujamii kwamba tungekwenda kulinakili jiwe hilo, maana tulikuwa tukijifunza juu ya lugha zinazoandikwa hadharani mjini. Tulipofika Jumatatu asubuhi tulikuta ua wa mabati mapya, na tingatinga limeegeshwa juu ya kifusi. Bawabu alitueleza kwamba kazi yote ilichukua siku mbili, Jumamosi na Jumapili.

Nilisikitika, na nadhani sikuweza kuuficha uso wangu. Mwanafunzi mmoja, kijana mwerevu asiyependa kumung'unya maneno, akaniuliza: "Mwalimu, kwani nyumba hiyo ilikuwa yetu?"

Sikumjibu papo hapo. Swali lake lilikuwa zito kuliko alivyodhani, na kwa hakika si lake peke yake. Ndilo swali linalofanya nyumba za Parklands, Ngara, Kilimani na Kileleshwa zianguke moja baada ya nyingine pasipo mtu kupiga kelele. Msitu wa Karura ulipovamiwa watu waliandamana. Bustani ya Uhuru ilipotaka kujengwa ghorofa 60 mwaka 1989, Profesa Wangari Maathai alisimama kidete hadi mradi ukaachwa. Nyumba ya mawe yenye baraza haina mtetezi wa namna hiyo, kwa sababu wengi wetu tunaamini kimoyomoyo kwamba ni mali ya wageni, na mali ya mgeni haimlizi mwenyeji.

Tusijidanganye kwamba imani hiyo haina msingi. Reli ilipofika hapa mwishoni mwa Mei 1899, palikuwa malisho na kinamasi, mahali ambapo Wamaasai walipaita kwa maji yake baridi. Mji ulianza kugawanywa kwa rangi za watu hata kabla haujawa mji. Mwaka 1913 aliletwa Profesa W. J. Simpson, bingwa wa mambo ya afya, naye akapendekeza katika ripoti yake kwamba Wazungu, Wahindi na Waafrika watengwe katika makazi yao, eti kwa ajili ya usafi. Wazungu wakajitwalia miinuko ya magharibi na kaskazini yenye udongo mwekundu usiotuamisha maji. Wahindi wakajazana Ngara na Parklands, ingawa Parklands yenyewe ilianza kuwa ya Wazungu. Waafrika walisukumwa mashariki, kwenye udongo mweusi unaonata miguuni wakati wa masika, wakapewa Pumwani, Kariokor na, miaka mingi baadaye, Kaloleni. Mjukuu wa mtu aliyelazimika kuvaa kipande shingoni ndipo apite katika barabara za Kilimani ana haki kamili ya kuuliza kama nyumba za huko zinamhusu.

Hata hivyo, hebu tuitazame nyumba yenyewe kabla hatujaihukumu.

Chukua bangalo la kawaida la Kilimani, lile linalokaa katikati ya nusu ekari ya nyasi na mijakaranda. Kuta ni za mawe ya kijivu yaliyochongwa kwa nyundo na tindo, kila jiwe likiwa na alama za mkono wa fundi. Paa ni la vigae vyekundu vya mtindo wa Mangalore, mji wa pwani ya India uliokuwa ukivichoma na kuvisafirisha kote katika Bahari ya Hindi. Baraza ni pana. Neno bangalo lenyewe halikuzaliwa Uingereza. Maana yake ni nyumba ya Kibengali. Waingereza walilikuta neno na umbo la nyumba huko India, wakavichukua vyote viwili na kuvileta kwetu. Ukienda Ngara au Parklands utakuta ukoo mwingine wa nyumba: vyumba vimepangwa kuzunguka ua wa ndani ili ndugu watatu au wanne na wake zao waishi pamoja, nguzo za mbele zimerembwa, na katika zile za miaka ya 1930 na 1940 pembe za kuta zimeviringwa kwa mtindo uliokuwa ukivuma Bombay wakati huo. Waliozijenga walikuwa mafundi kutoka Punjab na Kachi, pamoja na vijana wa Kiafrika waliobeba mawe, wakajifunza kuyachonga, na hatimaye wakawa mafundi wenyewe. Majina ya hao vijana hayakuchongwa juu ya mlango wowote.

Sasa zunguka nyuma ya nyumba. Huko, kando ya ua wa kuanikia nguo, kuna safu ya vyumba viwili au vitatu visivyo na dari, vyenye mlango wa mbao na kidirisha kimoja. Hivi ndivyo tunavyoviita SQ. Zamani viliitwa vyumba vya maboi. Boi alikuwa mwanamume mzima, aghalabu mwenye mke na watoto kijijini, na pengine mwenye mvi. Neno hilo limetoweka katika adabu zetu, na ni vyema lilivyotoweka. Lakini nani atamwaminisha mtoto wa shule wa mwaka 2050 kwamba lilikuwako, ikiwa hakuna hata chumba kimoja cha boi kilichosalia ili aingie, anyooshe mikono, na aguse kuta zote mbili kwa wakati mmoja?

Hapa niniwie radhi, msomaji, nizungumze kidogo kama mwanaisimu. Nilipokuwa nikikusanya data za utafiti wangu, nilikaa siku kadhaa na mzee mmoja aliyekuwa mpishi huko Kilimani katika miaka ya 1950. Aliniambia kwamba katika siku moja alikuwa akizungumza Kiswahili cha namna tatu. Jikoni alizungumza kile cha memsabu. Dukani alikokwenda kununua unga na mafuta ya taa alizungumza kile cha Mhindi. Jioni, barazani kwa SQ, wapishi, madobi, mayaya na watunza bustani wa nyumba za jirani walikutana, mmoja Mkamba, mwingine Mluhya, mwingine Mjaluo, nao walikuwa na Kiswahili chao wenyewe ambacho memsabu hakukielewa, na walihakikisha kwamba hakielewi.

Kile Kiswahili cha jikoni kilikuwa na jina: Kisetla. Hakikujali ngeli wala viambishi vya ukanushi. Palipopasa kusemwa "sitaki" na "sijui", kilisema "hapana taka" na "hapana jua". Kilikuwa hata na vitabu vyake. Mwaka 1936 F. H. Le Breton alichapisha kijitabu cha mazoezi ya Kiswahili cha bara kwa ajili ya askari, masetla, wachimbaji madini, wafanyabiashara na wake zao, na ni wale wake zao hasa walioamrisha jikoni. Linganisha na yaliyokuwa yakitendeka upande wa wataalamu: Kamati ya Lugha iliyoundwa mwaka 1930 ilikuwa ikisanifisha Kiswahili kwa msingi wa Kiunguja na kusimamia vitabu vya shule. Kiswahili sanifu kilikuwa kikisomwa darasani, ilhali Kiswahili cha Nairobi kilikuwa kikipikwa jikoni. Wanaotafiti asili ya Sheng huelekea Eastlands, nami sina ugomvi nao. Ila wakumbuke kwamba baba wa kijana wa Kaloleni au Ziwani mara nyingi alikuwa akishinda kutwa kazini Kilimani au Parklands, na jioni alirudi nyumbani na maneno mfukoni.

Kwa hiyo jibu langu kwa yule mwanafunzi, nililompa juma lililofuata, lilikuwa hili: naam, ilikuwa yetu. Tulikuwamo ndani yake, ijapokuwa tuliingia kwa mlango wa nyuma. Na anayebomoa nyumba hiyo hafuti ukoloni; anafuta ushahidi wa jinsi ukoloni ulivyopanga vyumba, nani alilala wapi, na nani alimwita nani kwa jina gani.

Mtu ataniambia kwamba sheria ipo. Ipo kweli. Sheria ya Makavazi ya Kitaifa na Turathi ya mwaka 2006 inampa Waziri uwezo wa kulitangaza jengo katika Gazeti Rasmi la Serikali kuwa mnara wa kihistoria, na likishatangazwa halibomolewi ovyo. Katikati ya jiji uwezo huo umetumika kwa faida kubwa. Ofisi ya zamani ya Mkuu wa Mkoa, iliyojengwa mwaka 1913, mahali ambapo vizazi, ndoa na vifo viliandikishwa, ilitangazwa mwaka 1997 na leo ni jumba la sanaa la Nairobi Gallery. Kipande House katika Kenyatta Avenue imesalia, nayo inastahili kusalia kuliko nyingi, kwa sababu humo ndimo wanaume wa Kiafrika wenye umri wa miaka 16 na zaidi walimopangwa foleni na kupewa vile vyeti vilivyovaliwa shingoni ndani ya kikebe cha chuma. Lugha yetu ililichukua neno "kipande", ambalo halikuwa na kosa lolote, ikalitwisha uchungu wote huo. Maktaba ya McMillan, iliyofunguliwa mwaka 1931, ina hata sheria yake binafsi ya Bunge. Mwafrika hakuruhusiwa kusoma humo kwa sehemu kubwa ya enzi ya ukoloni. Leo mwanafunzi wa River Road anapita kati ya wale simba wawili wa mawe na hakuna anayemuuliza anakwenda wapi.

Tazama lakini ni majengo ya aina gani. Ni ofisi, maktaba, benki, misikiti, makanisa. Ni majengo ya utawala na ya ibada, na yamelindwa moja moja, kama mtu anayeokota lulu na kuuacha ufuo. Sheria haina mazoea ya kuulinda mtaa wa Nairobi kama mtaa, nyumba pamoja na miti, ua na vyumba vya nyuma. Kuna kifungu kimoja ambacho hunichekesha na kunihuzunisha kila nikisomapo. Sheria hiyo hiyo inalinda mlango, au fremu ya mlango, uliochongwa kwa mtindo wa Kiafrika au wa Mashariki kabla ya mwaka 1946. Yaani mlango wa nakshi una ulinzi wake tayari, ila nyumba inayoubeba haina ulinzi mpaka Waziri atie sahihi. Bila shaka waliokiandika walikuwa wakifikiria Lamu na Mombasa, na walifanya vyema, maana milango ya huko ilikuwa ikichukuliwa na kusafirishwa ng'ambo. Nairobi hawakuifikiria. Ni nani aliyedhani kwamba mji wa juzi una historia?

Upande wa Jiji, mjadala umekuwa juu ya urefu. Wakazi wa barabara ya Rhapta huko Westlands wamefika hadi mahakamani kwa sababu ya idadi ya ghorofa zinazoruhusiwa katika mtaa wao. Sina la kupinga katika hilo. Lakini katika mabishano haya yote ya ghorofa ngapi na mita ngapi, ni nadra kusikia mtu akiuliza ni nini kilichokuwa kimesimama hapo kabla ya ghorofa ya kwanza.

Wala tusidhani kwamba nyumba ikiwa mikononi mwa serikali imeokoka. Kisa cha Joseph Murumbi kingepaswa kusimuliwa katika kila darasa la historia. Murumbi, Makamu wa Rais wa pili wa Kenya, alijiuzulu mwaka 1966 na kuutumia muda wake kukusanya vitabu, barua, vinyago, nguo na stempu za Afrika. Katika miaka ya 1970 alikataa fedha za wageni, akaiuzia serikali hazina hiyo pamoja na nyumba yake ya Muthaiga, kwa matarajio kwamba nyumba ingekuwa taasisi ya taaluma za Kiafrika. Vitabu na vinyago vilipona. Vingi vimo katika jengo la Hifadhi ya Nyaraka za Taifa, lililokuwa benki, na vingine katika ile Nairobi Gallery niliyoitaja. Nyumba haikupona. Iliachwa ikaoza, ardhi ikagawiwa watu, miti ikakatwa, kuta zikaangushwa. Mzee mwenyewe aliishi kuuona uharibifu huo. Alifariki mwaka 1990 na kuzikwa City Park, mtaani Parklands, karibu na rafiki yake Pio Gama Pinto, aliyepigwa risasi nje ya nyumba yake ya Westlands mnamo Februari 24, 1965. Na hata makaburini hakuachwa atulie, kwani ardhi ya bustani hiyo nayo ilimezewa mate na wanyakuzi, hadi mahali alipozikwa pakajengewa ukumbusho mwaka 2009.

Nirudi kwa wenye nyumba, kwa maana hapa ndipo wahifadhi wengi wanapokosea. Mjane wa miaka 80 anayekaa peke yake katika nyumba ya vyumba sita, paa linavuja, watoto wako Toronto na Leicester, na kila juma dalali anagonga lango akiwa na hesabu ya mamilioni. Kwa haki gani nimwambie asiuze? Kwamba mimi napenda kulitazama jiwe lake nikienda kazini? Historia ni ya sote, lakini ankara ya fundi wa paa huletewa yeye peke yake. Na jiji lenyewe linahitaji makao. Walimu vijana, wauguzi, makarani, hawawezi wote kuishi katika nusu ekari ya nyasi. Sipingi ghorofa kujengwa Kilimani. Ninachopinga ni kwamba katika mizani ya mjini upande mmoja umejaa fedha na upande wa pili hatujaweka chochote.

Miji mingine imejaribu kuweka kitu. Mumbai, ambao ndio uliowapa mafundi wa Parklands mitindo yao, ulitunga kanuni za turathi mwaka 1995. Majengo yaliorodheshwa kwa madaraja, na mitaa mizima ikaorodheshwa pia. Mwenye nyumba aliyezuiwa kujenga juu anaweza kupewa haki ya ujenzi aliyonyimwa, akaiuza kwa mjenzi wa sehemu nyingine ya mji. Kwa njia hiyo yule mjane hapotezi urithi wake kwa ajili ya kumbukumbu za watu wengine. Utaratibu huo una wajanja wake, kama kila utaratibu wa ardhi, lakini walau unakiri kwamba uhifadhi una gharama na kwamba gharama hiyo ni ya mji. Karibu nasi kuna Lamu, iliyoingia katika orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia mwaka 2001, ambako mtaa wote unahesabiwa, si jumba moja. Kuna Mji Mkongwe wa Zanzibar, ulioorodheshwa mwaka 2000. Kwa upande mwingine, huko huko Zanzibar, sehemu ya Beit al-Ajaib iliporomoka Desemba 25, 2020 ilhali ikikarabatiwa, na watu wawili wakafa. Orodha haizibi nyufa.

Serikali ya Kaunti ya Nairobi ingeweza kuanza na jambo dogo lisilohitaji sheria mpya: kabla ya kibali cha kubomoa nyumba ya miaka 60 au zaidi kutolewa, ipigwe picha, ramani yake ichorwe, vyumba vya nyuma vikiwamo, na nakala zipelekwe Makavazi na Hifadhi ya Nyaraka. Mjenzi anayetarajia kuuza fleti 100 hatashindwa kumlipa mchoraji wa siku tatu. Aidha, barabara chache, tuseme mbili Parklands, moja Ngara na moja Kilimani, zitangazwe kwa ukamilifu wake, na wenye nyumba wapunguziwe kodi ya ardhi. Na hilo la Eastlands nalo lisisahauliwe: mtaa wa zamani wa Pangani umekwisha kubomolewa, na Kaloleni inasubiri zamu yake. Huko ndiko alikolala yule aliyekosa hata chumba cha SQ.

Walimu wenzangu mnaonisoma, kazi nyingine haihitaji kibali cha mtu. Wanafunzi wana simu zenye kamera, wana miguu, na wana babu na nyanya waliofanya kazi katika nyumba hizi. Waulizeni wazee waliitwaje, walikula wapi, mlango upi waliruhusiwa kuutumia. Andikeni maneno kama walivyoyatamka, msiyasanifishe.

Darasa langu limeanza. Tumechagua barabara moja, si mbali na pale palipokuwa na jiwe la 1928, na tunaingia nyumba kwa nyumba pale tunapokaribishwa. Yule kijana aliyeniuliza swali ndiye anayeshika utepe wa kupimia. Juma lililopita bibi mmoja mwenye nyumba alitufungulia hadi vyumba vya nyuma, ambavyo alisema havijafunguliwa tangu mpishi wao arudi Machakos. Ndani ya mlango kulikuwa na hesabu zilizoandikwa kwa mkaa: siku, mwezi, shilingi na senti, mistari mingi, kwa mwandiko wa mtu aliyejifunza kuandika ukubwani. Giza lilikuwa limeingia na hatukuweza kuyanakili yote. Ametuomba turudi kabla ya tarehe 30, kwa kuwa mnunuzi anakabidhiwa funguo siku hiyo.